Betri Hufa Mbalamwezi

Haya ni maneno niliyowaambia wavuvi wa dagaa, vijana wa taa, kina mama wa uanikaji na wanafunzi wachache waliokusanyika mwaloni Igombe, pale mitumbwi inaposhusha samaki ukingoni mwa Ziwa Victoria. Nimeyaandika yote kwa ajili ya wale waliokuwa Ukerewe na Ukara siku ile, na wale waliokaa nyuma wakalalamika kwamba upepo uliimeza sauti yangu. Vitu nilivyoonyesha mezani nimevisimulia kwa maneno.

Mwenyekiti wa mwalo, wazee wangu, shikamooni. Kina mama, poleni na jua. Vijana, habari za madeni? Mwadila! Na nyinyi wanafunzi mliokaa juu ya mtumbwi uliofunikwa pale, teremkeni, rangi yake haijakauka na mwenyewe anawatazama.

Siku ya leo nimeichagua kwa makusudi. Mwezi umejaa. Taa yako ya kuvutia dagaa haina ubavu mbele ya mwezi, kwa hiyo kila mtu yuko nchi kavu anashona wavu, anadai au anadaiwa. Ningewaita wakati wa giza ningehutubia bata.

Naanza na swali, mnijibu kwa kunyoosha mikono. Nani betri yake ya taa iko nyumbani sasa hivi? Naona karibu wote. Haya, shusheni. Nani ameichaji tangu aliporudi usiku wa mwisho wa giza? Moja, mbili, tatu, nne. Wanne! Na mmoja wao ni huyu jirani yangu, ambaye betri yake nimeichaji mimi kwa sababu aliisahau bandani kwangu, pale ninapochaji betri zenu.

Basi sikilizeni. Hapa tulipokaa, betri zenu zinakufa. Hazifi ziwani. Hazifi usiku wa kazi, mawimbi yakipiga na taa zikiwaka. Zinafia chini ya kitanda, wakati wa mbalamwezi, na mwenyewe amelala juu yake anakoroma. Giza likirudi mnakuja kwangu: "Mwalimu, betri imekufa. Betri za siku hizi feki." Feki zipo, sikatai, nimezifungua kwa mikono yangu. Lakini nyingi zinazoletwa bandani zimeuawa na wenyewe, na leo nataka tuelezane zinauawa vipi. Itabidi nianze mbali kidogo. Nitaanza na glasi ya maji.

Mezani hapa kuna glasi nne. Ya kwanza ina maji ya mvua niliyoyakinga kwa beseni katikati ya uwanja. Ya pili ni maji hayohayo ya mvua, nimetia vijiko vitatu vya sukari. Ya tatu ni maji ya ziwa, kijana kayachota hapo penye mitumbwi. Ya nne ni maji ya mvua na kijiko kimoja cha chumvi. Pembeni kuna betri ya pikipiki na kitaa chekundu kidogo nilichokinyofoa kwenye redio mbovu. Nimekata waya mmoja katikati. Ncha mbili za pale nilipokata nazitumbukiza kwenye glasi, zisigusane, halafu tuangalie kitaa.

Maji ya mvua: kimya. Maji ya sukari: kimya. (Mama mmoja akasema sukari haijakorogwa vizuri. Nikakoroga mpaka akaridhika. Kimya.) Maji ya ziwa: sogeeni karibu, nakikinga kitaa na jua kwa kiganja. Mnaona? Kinawaka kwa mbali, kama sigara ya mtu aliye ng'ambo. Sasa chumvi. Haya! Kaa la moto!

Kwa nini chumvi na siyo sukari? Zote nyeupe, zote zinayeyuka, zote ziko jikoni. Sukari ikiyeyuka chembe zake zinasambaa zikiwa nzima, hazina chaji, hazivutwi huku wala kule. Chumvi ikiyeyuka inaachana. Sodiamu inakwenda zake ikiwa na chaji chanya, kloridi inakwenda zake ikiwa na chaji hasi. Ukitia waya wa chanya na waya wa hasi, kila mmoja anaelekea kwa anayemvuta. Hao ndio wanaitwa ioni, neno la Kigiriki lenye maana ya anayekwenda. Msafiri. Maji yasiyo na wasafiri hayapitishi umeme wa kuonekana. Ziwa letu lina wasafiri wachache. Bahari imejaa.

Nilifundisha Kilwa miaka mitatu kabla sijarudi kwetu. Kufuli nililolinunua Januari, Desemba halikufunguka, nikalivunja kwa nyundo. Hapa nyumbani nina kufuli la marehemu baba mpaka leo, linalia tu. Chuma ni kilekile. Lita moja ya maji ya bahari ina takribani gramu 35 za chumvi, na lita ya ziwa hili haifikishi hata robo gramu. Kutu nayo inataka wasafiri, na mtaona sababu yake mbele kidogo.

Wanafunzi, hili la chumvi kuachana ndani ya maji, aliyelitetea wa kwanza kwa nguvu alikuwa kijana wa Uswidi, Svante Arrhenius. Mwaka 1884 alipeleka andiko lake la udaktari chuoni Uppsala. Walimu wake hawakuamini kwamba kitu kinaweza kuachana chenyewe bila kupigwa umeme. Wakampa alama ya chini, karibu na ya kufeli. Mwaka 1903 akapewa tuzo ya Nobel ya kemia kwa mambo hayohayo. Simaanishi kwamba kila anayepata alama ya chini ana tuzo inamngoja. Nimesahihisha madaftari miaka mingi, najua.

Turudi kwenye glasi ya chumvi, maana nimeiacha ikiendelea. Chungulieni. Waya wa hasi unatoa mapovu madogomadogo, kama soda. Waya wa chanya hautoi mapovu, lakini maji yanayouzunguka yamechafuka, yana rangi kati ya kijani na njano, na waya wenyewe umeanza kukonda. Shaba inaliwa! Kwa hiyo umeme haukupita tu kama mtu anayekatisha uwanja. Umefanya kazi pande zote mbili.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hili nitakalosema ndilo nililowaitia. Kwenye waya kinachosafiri ni elektroni, chembe ndogo mno zenye chaji hasi. Elektroni haijui kuogelea. Inafika kwenye maji inakwama. Ndani ya maji kinachosafiri ni ioni, na ioni haiwezi kupanda kwenye waya. Barabara ni mbili, ya nje na ya ndani, na wasafiri wa huku hawavuki kwenda kule.

Hili ni jambo gani? Si ndiyo mwalo wetu huu? Lori la Musoma haliingii ziwani. Mtumbwi haupandi lami. Vinakutana wapi? Hapa! Hapa ndipo mzigo unaposhushwa na kupakiwa. Lori lisipokuja, dagaa wanaoza mchangani. Mitumbwi isipokuja, dereva anacheza bao mpaka jioni. Basi ile ncha ya waya ndani ya maji, ile sahani ya betri, wataalamu wanaiita elektrodi. Mimi nawaambia, elektrodi ni mwalo. Ni mahali pa kupokezana. Upande mmoja elektroni zinatolewa, upande mwingine zinapokewa, na kila zinapopokezana kuna kitu kinageuka: shaba inayeyuka, gesi inatoka, kutu inaota. Barabara zote mbili ziwe wazi na mialo yote miwili ifanye kazi, la sivyo hakuna umeme. Huo ndio ufunguo wa betri, na kwenye kutu na kwenye kuchaji utaukuta huohuo.

Mpaka hapo nimetumia betri kusukuma. Je, inawezekana barabara hizi zikajiendesha zenyewe, bila msukumaji? Mtu aliyelijibu swali hili alikuwa mtu wa ziwani kama sisi. Alessandro Volta alizaliwa mwaka 1745 Como, mji wa Italia ulio ukingoni mwa ziwa. Wakati wake mwenzake, Luigi Galvani wa Bologna, aliona miguu ya chura aliyekufa ikirukaruka inapoguswa na metali mbili tofauti. Galvani akasema umeme umo ndani ya mnyama. Volta akabisha. Akasema chura ni maji ya chumvi tu, tazameni metali! Wakabishana miaka. Mwishowe Volta akamwondoa chura kabisa. Akapanga sahani ya fedha, sahani ya zinki, kipande kilicholoweshwa maji ya chumvi, tena fedha, zinki, kipande, mpaka ukawa mnara. Akashika juu na chini, ukamtetemesha. Mwaka 1800 akaandika barua kwenda London kueleza. Kila mnaposema "volti kumi na mbili" mnamtaja mtu huyo.

Sisi hatuna fedha, tuna ndimu. Binti, njoo hapa mbele. Huu ni msumari wa bati, umepakwa zinki. Huu ni waya wa shaba. Vichome kwenye ndimu, viache nafasi. Weka mita. Soma kwa sauti.

(Akasoma: nukta tisa na kitu.)

Karibu volti moja! Watu wamepiga makofi. Nawauliza, umeme huu umetoka wapi?

(Wengi wakajibu: kwenye ndimu.)

Hapana. Binti, toa waya wa shaba, chomeka msumari wa bati mwingine. Sasa misumari miwili ya aina moja. Soma. Sufuri! Na ndimu ni ileile. Umeona? Galvani angekuwa hapa angesema ndimu ina umeme. Ndimu ni barabara ya ndani, basi. Umeme unatoka kwenye tofauti ya metali mbili. Zinki ni mkarimu, anatoa elektroni upesi. Shaba ni mgumu. Ukiwaunganisha kwa waya, elektroni zinaondoka kwa zinki kwenda upande wa shaba, na zinki inayeyuka polepole kuingia kwenye majimaji. Anayelipa gharama ni zinki. Ukiliacha jaribio hili wiki nzima, msumari utauona umetoboka ngozi.

Na hapohapo ndipo ilipo siri ya bati la nyumba. Bati ni chuma kilichopakwa zinki. Likikwaruzwa, zinki inakubali kuliwa kwanza ili chuma kisiliwe. Meli za chuma nazo hufungiwa vipande vya metali mkarimu chini ya maji, viliwe badala ya mwili wa meli. Kwenye maji baridi kama haya hupendekezwa magnesiamu, kwa sababu wasafiri ni wachache na zinki inakuwa mvivu. Bati likishaliwa zinki yote, kutu inaanza. Kwenye chuma chenyewe panatokea sehemu inayotoa elektroni na sehemu inayopokea, unyevunyevu ukiwa barabara ya ndani. Kwenye unyevu wa bahari barabara hiyo ni lami tupu. Kufuli langu la Kilwa lilikuwa betri ndogo iliyojila.

Tatizo la ndimu, na la mnara wa Volta, na la betri kavu za tochi mnazozitupa, ni hili: zinki ikishaliwa, basi. Haigeuki nyuma. Mwaka 1859 Mfaransa mmoja, Gaston Planté, akachukua karatasi mbili za risasi, siyo ya bunduki, ile metali nzito na laini, akazitenganisha zisigusane, akazikunja pamoja na kuzitia kwenye asidi ya salfuriki. Akaona ajabu: ukizisukumia umeme zinachajika, ukizitumia zinaisha, ukizisukumia tena zinarudi. Hiyo ndiyo betri iliyo chini ya vitanda vyenu. Zaidi ya miaka 160 na mwili wake ni uleule.

Nimeileta moja iliyokufa, nimeipasua. Wenye sare za shule msiguse. Ndani kuna vyumba sita. Kila chumba kinatoa volti mbili na kidogo, sita mara mbili, kumi na mbili. Katika kila chumba kuna sahani za aina mbili. Hizi za kijivu ni risasi tupu, laini kama sifongo, upande wa hasi. Hizi za rangi ya kahawia, kama chokoleti, ni risasi iliyoshikana na oksijeni, upande wa chanya. Katikati kuna asidi, ambayo ni barabara ya ndani.

Unawasha taa. Risasi ya kijivu inatoa elektroni, zinapita kwenye waya, zinawasha taa, dagaa wanakuja, zinarudi upande wa kahawia, zinapokewa. Wakati huohuo sahani zote mbili zinanyonya salfeti kutoka kwenye asidi. Ya kijivu inageuka salfeti ya risasi. Ya kahawia nayo inageuka salfeti ya risasi. Kitu kilekile cheupe, pande zote mbili! Mnakumbuka misumari miwili ya aina moja? Mita ilisoma ngapi? Sufuri! Basi betri kuisha ni hivyo: zile sahani mbili zilizokuwa tofauti zinaelekea kuwa sawa. Betri si debe la umeme. Hakuna umeme uliomwagwa humo. Kuna tofauti, na kuchaji ni kuirudisha tofauti.

Asidi nayo inapungua makali, kwa sababu salfeti imehamia kwenye sahani. Ndiyo maana ya hiki kichupa chenye boya ndani, haidromita. Asidi ya betri iliyojaa ni nzito, boya linaelea juu, mafundi tunasoma 1280. Betri ikiisha maji yamekuwa mepesi, boya linazama, 1120 au hapo jirani. Anayejua kuogelea baharini na ziwani ananielewa.

Na umeme unaotoka unalipiwa kwa uzito, haukopwi. Hili alilipima Michael Faraday, mtoto wa mhunzi wa London aliyeacha shule mapema, akafundishwa kazi ya kujalidi vitabu, akawa anasoma vile anavyovijalidi. Miaka ya 1833 na 1834 alieleza kwamba kiasi cha metali kinachogeuka kinalingana na kiasi cha umeme kinachopita, bila kuonea wala kupendelea. Kwa betri yetu, kila ampea moja inayotoka kwa saa moja inageuza karibu gramu 3.9 za risasi upande wa hasi, katika kila chumba. Betri imeandikwa ampea-saa 70. Ukiimaliza kabisa umegeuza gramu 270 kila chumba, vyumba sita, kilo moja na gramu mia sita. Upande mmoja tu. Ndiyo maana unapoibeba kutoka mtumbwini kiuno kinalia.

Sasa tumefika chini ya kitanda.

Ile salfeti nyeupe ikiwa mpya ni laini, chembe ndogo. Ukichaji asubuhi ileile inarudi vizuri, risasi inakuwa risasi na asidi inakuwa asidi. Lakini ukiiacha? Kina mama, niwaulize nyinyi. Sufuria ya ugali ukiiosha watu wakishamaliza kula, inakuwaje? Inatoka. Ukiilaza? Ukiilaza siku kumi?

(Wakajibu kwa pamoja: ukoko!)

Ukoko! Salfeti ya risasi ikilala inakusanyika, chembe ndogo zinakuwa kubwa na ngumu, zinaifunika sahani. Haipitishi umeme, haitaki kuyeyuka. Unaleta betri kwangu, naweka kwenye chaja, baada ya saa moja mita inasema imejaa. Imejaa wapi! Pale palipofunikwa na ukoko hapapokei kitu, kipande kidogo kilichobaki ndicho kimejaa. Unakwenda nayo ziwani, saa tano usiku taa zinafifia, unamtukana muuza betri.

Usiku wa mwisho wa giza mnarudi mmechoka. Betri imekamuliwa mpaka tone la mwisho. Mnaiweka chini mnasema, nitachaji tukikaribia kurudi, sasa nichaji ya nini? Unaweka hela ya chaji mfukoni, na siku kumi za mwezi zinapika ukoko. Giza likirudi unachaji, unafanya kazi, unailaza tena. Baada ya miezi michache imekwisha. Ungeichaji asubuhi ile ya mwisho, ungelipa chaji moja tu.

Na jingine: wengi mnatumia betri za gari. Betri ya gari imetengenezwa kupiga stata, kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, ndiyo maana sahani zake ni nyembamba. Kuikamua usiku kucha ni kumpakia mkimbiaji magunia. Zipo zenye sahani nene, za sola. Kama unayo ya gari, usiifikishe chini. Ipumzishe saa chache halafu pima. Volti 12.6 imejaa. Ikisoma 12.2 imefika nusu, hapo irudishe kwenye chaja. Ikisoma 11.9 imekwisha kabisa, hata kama taa bado inawaka.

Kuhusu maji nitasema upesi, maana hili limetugombanisha sana bandani. Ukichaji betri ikakaribia kujaa, umeme unaozidi unavunja maji yenyewe. Ni kama yale mapovu ya kwenye glasi, ila humu yanatoka pande zote mbili. Upande mmoja haidrojeni, upande mwingine oksijeni. Kwa hiyo kinachopungua ni maji, asidi inabaki humohumo. Unaongeza nini? Maji! Maji yaliyosafishwa, yale ya chupa. Huku kwetu asidi nayo tunaiita maji ya betri, ndipo balaa linapoanzia: mtu anaongeza asidi juu ya asidi, sahani zinaliwa. Mwingine anachota ziwani. Mmeona kitaa kilivyowaka kwa maji ya ziwa, yana wasafiri wasiokaribishwa.

Na haidrojeni ile inalipuka. Ikifika asilimia 4 ya hewa, cheche moja inatosha. Mwaka wa pili wa ualimu wangu nilikuwa nachaji betri chumbani, dirisha nimelifunga kwa sababu ya mbu. Mtu ninayefundisha kemia! Asubuhi nikang'oa kibanio cha chaja bila kuizima kwanza. Cheche. Mlio kama bunduki, vifuniko vikapaa, asidi ikanirukia shingoni. Kilichoniokoa ni ndoo ya maji iliyokuwa mlangoni, nikajimwagia yote, nikakimbilia bombani kujimwagia tena. Suruali niliiona nzima, nikashukuru. Nilipoifua ikawa nyavu ya dagaa. Pamba iliyoguswa na asidi inangoja maji ndiyo ikuambie. Kwa hiyo zima chaja kwanza, halafu ng'oa. Chaji penye upepo, na watoto wasilale humo.

Nikiwataja watoto, kuna jambo nitalisema na asiyependa anune. Nimeona watu wakipasua betri mbovu na kuyeyusha risasi kwenye sufuria, watengeneze vizito vya nyavu. Moshi unaelekea wapi? Kwa mwenye kuchochea na mtoto anayechezea majivu. Risasi inaingia kwenye damu, inaharibu ubongo wa mtoto taratibu, hana homa wala upele, unaona tu shuleni hashiki. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Betri mbovu iuze nzima, kwa mnunuzi wa betri chakavu, na asidi yake ndani. Usimwage ufukweni. Mwenyekiti, hili naomba liingie kwenye kanuni za mwalo, na mimi nitakuwa wa kwanza kupigwa faini.

Kijana mmoja ananyoosha mkono tangu mwanzo. Sema, bwana mdogo.

(Akauliza: "Mwalimu, si tununue lithiamu tu, tuachane na mambo ya asidi na ukoko?")

Swali zuri, na nimekuja na moja. Nyanyueni mpitishiane. Nyepesi, sivyo? Humu hakuna metali inayoliwa na kurudi. Ioni za lithiamu zinahama kutoka nyumba moja kwenda nyingine, mchana huku usiku kule, na elektroni zinazunguka nje kwa waya. Barabara mbili, mialo miwili. Nyumba mojawapo ni grafaiti, mawe meusi yanayopatikana Mahenge, Morogoro, hapahapa nchini. Baadhi ya aina zinahitaji nikeli, na nikeli ipo Kabanga, Ngara, ng'ambo ya ziwa hapo. Zilianza kuuzwa mwaka 1991, na waliozivumbua, Goodenough, Whittingham na Yoshino, wakapewa Nobel mwaka 2019. Huyo Goodenough alikuwa na miaka 97! Wazee wangu, bado mna nafasi.

Lithiamu haiogopi kulala ikiwa na chaji nusu, kama risasi inavyoogopa, kwa kweli inapenda. Lakini majimaji yaliyomo ndani yake si ya maji, ni ya kuwaka moto. Inataka chaja yake, na kile kibao kidogo cha kuilinda kisiondolewe na fundi anayetafuta "nguvu zaidi". Ikitumbukia ziwani usiirudishe chumbani, iweke mbali na nyumba. Na bei yake mnaijua. Mwenye uwezo anunue. Asiye na uwezo, betri ya risasi ikitunzwa inamlipa vizuri.

Nimeongea mno, dagaa wa kina mama wanataka kugeuzwa. Haidromita hii naiacha kwa mwenyekiti, na mita ya volti ipo bandani kwangu. Hakuna malipo ya kupima. Jua halijazama, chaja zangu zina nafasi sita leo usiku. Huyo aliyekwisha kuondoka mbio kuelekea kwake, mwacheni apite, nadhani ameelewa.